Yule wa Gari la Manjano

Ijumaa baada ya swala, benchi la nje ya duka la kahawa kule Zarqa lilikuwa na watu watatu, na limeshajaa. Jaji, karani mstaafu wa mahakama, alikalia nafasi ya wawili. Redio, aliyejua habari hata kabla hazijatokea, alibanwa katikati. Mwishoni alikaa Mundhir, dereva wa teksi wa zamani waliyempachika jina la Breki. Macho yote yalikuwa ng'ambo ya barabara, uani kwa jirani mpya, kwenye gari la manjano la michezo lililolala chini kiasi kwamba paka hawezi kupita uvunguni mwake.

— Kapanga mbao tena, alisema Redio. Gari la watu linapandishwa mbao?

— Bila mbao jeki halipenyi, Breki akajibu. Atapasua bampa.

— Unamtetea?

— Simtetei. Nashangaa tu mbona haendi gereji kama wenzake.

— Hapo sasa! Jaji akatua kikombe. Asiyetaka fundi aone chini ya gari lake, chini kuna kitu. Sigara za magendo.

— Sigara zitaungua na ekzosi, mzee wangu, Redio akapinga. Dhahabu hiyo. Huoni lilivyolala? Uzito!

Jirani akaweka kabari kwenye matairi, akainua gari, akaliegemeza juu ya stendi nne za chuma. Kisha akalisukuma kwa mikono miwili, huku na huku, kama anayetaka kuliangusha. Lilipotulia, ndipo akaingia chini.

— Stendi nne za nini? Breki aliguna. Mimi miaka yote naingia na jeki peke yake, na niko hapa. Huyu ana lake.

— Anachimba, Redio akanong'ona. Handaki.

— La kwenda wapi? Jaji akauliza.

— Benki si iko nyuma ya msikiti?

Paa! Jeki lilichomoka, likapiga sakafu, gari likatikisika. Miguu ya jirani ikatulia tuli.

Breki hakujua kikombe alikitupa wapi. Alivuka barabara mbio, akapiga magoti, akamshika yule mtu kifundo cha mguu.

— Ndugu! Ndugu yangu!

— Mzima, mzima. Jeki tu hilo. Stendi zimeshika.

Akajivuta nje, uso umejaa oili. Breki alikuwa bado amepiga magoti; akilini aliiona teksi yake juu ya jeki peke yake, na yeye chini yake, akiimba.

— Lakini gereji huendi kwa nini? aliuliza kwa ukali, kuficha hofu.

— Nilienda. Waliliinua pasipo na chuma kigumu, sakafu ya gari ikabonyea ndani. Sasa najitengenezea mwenyewe.

Breki akamshika mkono, akamvusha aje kunywa kahawa. Benchini, Redio alimwinamia Jaji:

— Mbona hajafa?

— Ndiyo ajabu yenyewe. Mtu wa kawaida angekufa.

Jirani alipokea kikombe, akawatazama mmoja mmoja.

— Kila Ijumaa nawaona mnanitazama, alisema taratibu. Hebu niambieni. Ningekufa pale, mngesema amekufa nani?

Redio alilichukua dele la kahawa, akalitikisa, akalirudisha. Breki akasogea kumpisha akae, na mwenyewe akaona haya kumuuliza jina.