Tone la Gundi na Mdudu wa Michungwa

Tarehe thelathini mwezi huu, fundi wetu wa vioo vya hadubini anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya wadudu. Hapa kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Tone, na hata barua za ofisi zimewahi kumfikia hivyo.

Kazi yake ni rahisi kuieleza na ngumu ajabu kuifanya. Anamchukua mdudu mdogo kuliko chembe ya chumvi, anamlaza kwenye tone la gundi angavu itokanayo na utomvu wa msonobari, anamnyoosha miguu, kisha anamfunika kwa kioo chembamba. Gundi ikikauka, mdudu atakaa vile vile hata sisi tukishasahaulika. Miguu hiyo huinyoosha kwa ukope wake mwenyewe, alioubandika kwenye njiti. Waliodhani ni utani walionyeshwa njiti yenyewe.

Akiwa kazini, feni huzimwa. Mkuu wa idara, mtu mzima na heshima zake, hupita koridoni akinyata, viatu mkononi.

Lakini siku tutakayoisimulia hadi nasi tustaafu ni ile ya michungwa. Mkulima mmoja, mjane, aliambiwa kwamba mdudu aliyeonekana shambani kwake huenda ni wa aina inayoangamiza. Ikithibitika, michungwa yote ingekatwa na kuchomwa moto, na ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba yake. Alituletea wadudu kwenye chupa, wote wamepondeka njiani isipokuwa mmoja. Na aina hiyo hutambulikana kwa vinyweleo vya mkiani tu.

Mama Tone alimwandaa, akamlaza, akashusha kioo. Kiputo cha hewa kikaingia, kikatua juu ya mkia hasa! Kuinua kioo kungemrarua mdudu. Mama Tone aliweka kioo pamoja na mdudu wake kwenye sahani yenye joto la chini, akavuta kiti, akatuambia twende zetu tukale. Hakuna aliyekwenda. Gundi ililegea, kiputo kikaanza kusogea, taratibu mno, hadi ukingoni, kikapotea. Nimeona mengi maabara, lakini kama hilo sikuwahi kuliona.

Mtaalamu wetu wa wadudu alichungulia, akahesabu vinyweleo, akarudia kuhesabu, akatangaza kuwa siye yule mharibifu. Mjane akaomba naye amwone huyo aliyemnyima usingizi. Aliinama kwenye hadubini, akasema kumbe ni mzuri hivi, kisha akalia.

Michungwa ile bado inazaa. Mwenye shamba ametuma salamu kwamba siku ya kwanza ya kustaafu, Mama Tone asiende popote kabla ya kufika kwake.

Dada yetu, asante kwa mikono yako na kwa subira yako. Tunakuombea afya na miaka mingi ya raha. Nenda ukakae chini ya michungwa hiyo hadi uchoke kupumzika; kivuli kile ni chako pia.