Taa ya Mama Taiyo Yakonyeza

Kijiwe chetu hapa Kilole, Korogwe, ni kiti cha nyuma cha basi lililokufa, tumekiweka mbele ya gereji yangu. Wanaokikalia ni wajuaji watatu. Mimi ni Matayo, jina la kijiweni Sikio, kwa sababu miaka kumi na minane nimerekebisha kabureta kwa bisibisi moja na sikio la kulia. Mzee Bernardo tunamwita Mkonge. Aliendesha mashine za mkonge Mazinde mpaka akastaafu. Raymond ni Megawati. Alikuwa mlinzi wa geti pale kituo cha umeme Hale, basi umeme wote wa dunia anauongelea kama mali yake. Kahawa ni ya Kibwana, anayetuuzia na kutucheka papo hapo. Tuliishi vizuri mpaka nchi ilipofunguliwa milango, magari ya mtumba ya Japani yakaanza kumiminika, na Mama Taiyo akaniletea gari lisilo na kabureta.

Mama Taiyo huleta maziwa Korogwe kila asubuhi kutoka Handeni. Gari lake lilikuwa linatoa moshi mweusi, linakunywa petroli bila huruma, na ukilizima likiwa la moto haliwaki tena. Wiki tatu nimelitengeneza, wiki tatu maziwa yamechachia njiani. Siku moja akaniambia: “Kesho saa saba mchana nakuja. Likiwa bado, nalivuta naenda nalo mjini, na wenzangu wote wa maziwa nawaambia.” Hao wenzake ndio wateja niliobaki nao. Wakiondoka, nafunga gereji.

Kesho yake saa tano tulikuwa tumelikodolea macho, boneti wazi.

— Hebu nieleweshe, Megawati akaanza. Kama kabureta hakuna, petroli inaingiaje?

— Kuna nozeli zinapuliza, nikasema. Kompyuta ndiyo inaziamuru.

— Kompyuta iko wapi?

— Kasanduku kadogo, chini ya dashibodi.

— Umekafungua?

— Nimekafungua.

— Ukakuta nini?

— Nikakafunga.

Kibwana akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sahani.

— Mimi nasema hivi, Mzee Mkonge akakohoa. Hiyo kompyuta inadhani bado iko kwao Japani, kwenye baridi. Inaimwagia injini petroli ipate joto.

— Mzee, acha fiksi! Megawati akamrukia. Kompyuta haisikii baridi. Tatizo ni umeme. Umeme wa kule ni mwepesi, wa kwetu mzito. Pale Hale nimeuona kwa macho yangu.

— Umeuona kutoka getini?

— Getini ndiko unakopita!

Hapo nikaona ni zamu yangu kung'ara. Nikatoa mfukoni kipande cha waya.

— Nyie bisheni tu. Juzi nilikwenda Tanga, fundi mmoja kanifundisha siri ya haya magari. Chini ya boneti kuna kiboksi chenye matundu. Unaunganisha mawili kwa waya, unawasha swichi bila kupiga stata, ile taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Unahesabu. Gari lenyewe linakutajia ugonjwa wake kwa namba.

— Linakonyeza? Mzee Mkonge akaguna. Gari la mwanamke mwenye heshima zake?

Nikaunganisha waya, nikawasha swichi. Tukajazana dirishani, vichwa vinne. Tukangoja. Hola.

— Limenuna, akasema Megawati. Wiki tatu unalichokonoa na bisibisi, ungekuwa wewe ungeongea?

— Pengine linataka petroli zaidi, akasema Mzee Mkonge.

— Au linakonyeza kwa ndani, Megawati akasema. Kuna umeme wa hivyo. Unahesabu lakini hauonekani.

— Sasa tutausomaje?

— Unaweka mkono juu ya dashibodi, unatulia.

Aibu naiona leo, lakini siku ile niliweka mkono. Mzee Mkonge naye akaweka wake. Tulisimama hivyo, watu wazima wawili, tunalipapasa gari kama tunalipima homa. Kibwana ndiye aliyeingiza kichwa chini ya usukani akachungulia.

— Sikio, hii sehemu ya taa mbona ina tundu? Balbu iko wapi?

Balbu niliitoa mwenyewe. Siku ya kwanza kabisa Mama Taiyo alilalamika kuwa kuna taa nyekundunyekundu haizimiki, inamtia hofu. Nikamwambia aje baada ya nusu saa. Nikafungua dashibodi, nikachomoa balbu, nikafunga. Alinishukuru sana, hata maziwa ya chai alinipa.

— Yaani gari lilikuwa linasema tangu siku ile, akasema Megawati taratibu, na wewe ukaling'oa ulimi?

— Nililipumzisha, nikasema.

Sitaeleza walivyonicheka. Nilipekua kopo la boliti, nikaipata balbu, nikairudisha. Swichi. Na hapo, wallahi, ikakonyeza! Mara mbili. Kimya kidogo. Mara mbili tena. Kimya kirefu. Kisha ikaanza upya.

Tulipiga kelele kama timu imefunga goli. Mpita njia mmoja alisimamisha baiskeli.

— Nne! akapaza sauti Mzee Mkonge. Mbili na mbili ni nne, hata wajukuu zangu wanajua.

— Si nne, mzee, nikasema. Katikati kuna kimya. Ni ishirini na mbili.

— Kimya hakihesabiwi! Mtu akipumua katikati ya kuhesabu, anabadilisha hesabu?

— Pale Hale, akadakia Megawati, kengele ya hatari ikilia mbili-mbili, maana yake kimbia.

— Wewe ulikimbia?

— Mimi nilikuwa nimeshatoka.

— Halafu mmesahau jambo moja, Mzee Mkonge akainua kidole. Saa zao na zetu haziko sawa. Sisi tukisema saa nne, wao wanasema saa kumi. Kuna sita imepotea hapo. Gari la kwao likisema nne, lazima utoe sita.

— Nne toa sita haitoki, mzee.

— Ndiyo maana gari haliwaki!

Tukahesabu tena na tena, Kibwana akiweka alama ya mkaa ukutani kila taa inapokonyeza, mpaka wote tukakubali, hata Mzee Mkonge kwa shingo upande: ishirini na mbili. Nilijaa furaha hadi kooni. Baada ya wiki tatu za kutega sikio, injini ya Kijapani ilikuwa imeniambia neno, na mimi nilikuwa nimelisikia.

— Shikamooni.

Tukageuka. Mama Taiyo, shuka lake begani, dumu tupu mkononi. Ilikuwa saa saba kasoro.

— Marahaba, mwanangu, akajibu Mzee Mkonge. Karibu! Gari lako limesema!

— Limepona?

— Limetaja ugonjwa wake, nikasema kifua mbele. Namba ishirini na mbili.

Akaitazama taa inavyokonyeza. Akatazama alama za mkaa ukutani. Akaniangalia mimi.

— Ishirini na mbili ndiyo nini, fundi?

Megawati akainamia kikombe chake. Mzee Mkonge akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Mimi nilikumbuka yule fundi wa Tanga, alivyonyoosha karatasi yenye orodha ya namba, kila namba na maana yake, akaniambia ninakili. Nikamwambia ya nini, mimi ni fundi wa miaka kumi na minane, mengine nitayajua mwenyewe. Nikawahi basi.

Ulimi ulikuwa tayari umeshika uongo: plagi, au waya wa betri, au tupe siku mbili. Kisha nikaliangalia lile dumu tupu, na nikaona aibu, aibu ya kweli ya mtu mzima.

— Sijui, Mama Taiyo.

Hakuna aliyecheka.

— Ungeniambia hivyo siku ya kwanza, akasema, nisingemwaga maziwa wiki tatu.

Akaweka dumu chini. Nilingoja aulizie gari la kuvuta. Badala yake akazima swichi, akachomoa ufunguo, akanikabidhi mkononi.

— Kesho asubuhi panda basi urudi Tanga ukaulize. Gari nakuachia mpaka keshokutwa. Lakini fundi, ukifika huko, usijifanye unajua.

— Sawa, mama, nikasema, na Kibwana akanimiminia kahawa bila kuniuliza.