Anaondoka na Vidole Kumi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha mbao, fundi mkuu wa misumeno anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, akiwa na vidole vyake vyote kumi. Kwa watu wa ofisini huenda hilo likaonekana dogo. Huku kwetu ni rekodi. Mimi mtunza stoo, niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu, ninavyo tisa. Cha kumi nilikiacha kwenye msumeno wa meza siku ambayo yeye alikuwa likizoni nami nikajiona fundi.

Tunamwita Subiri, kwa sababu ndilo neno analolitumia kuliko yote. Aliajiriwa kubeba magogo, na ilimchukua miaka minne kuruhusiwa kushika msumeno wa mnyororo. Utaratibu huo aliurithi akaupunguza kidogo: mgeni ananoa minyororo kwa tupa miezi mitatu, hakati hata kijiti. Wengi walimnunia. Mmoja aliacha kazi akaenda kufungua saluni, na tunasikia anaendelea vizuri.

Vyeo havimtishi, tuseme ukweli. Mkurugenzi alipokuja kupigwa picha ameshika msumeno, Subiri alimvua tai mbele ya wageni, kisha akamkabidhi msumeno usio na mnyororo. Picha ilitoka nzuri sana.

Alipaswa kustaafu mwezi wa tatu. Kilichomchelewesha ni mrithi. Meneja wetu alimleta shemeji yake, ndugu wa mkewe, mtu mzima wa miaka arobaini, aliyejifunza kukata miti kwa kutazama video kwenye simu. Subiri akagoma kusaini barua ya kustaafu mpaka amwone kazini. Shemeji alikataa kofia ngumu, eti inabana. Subiri akamvalisha kwa nguvu kama mtoto wa chekechea. Shemeji akaanza kukata gogo kwa ncha ya msumeno, kosa ambalo fundi halifanyi kamwe. Msumeno ulimrukia usoni, ukaitafuna ile kofia hadi katikati kabla ya breki kuusimamisha. Aliketi chini akalia, na hakuna aliyecheka, hata mimi.

Kesho yake alirudi mwenyewe, akaomba tupa. Subiri akaongeza miezi mitatu ya kumfundisha, wakigombana kila siku kuhusu pembe ya meno. Nakiri niliogopa. Niliona tutaachiwa mtu anayejua kuwasha msumeno tu, na safari hii atakayeumia hatapoteza kidole kimoja tu.

Jumanne iliyopita upepo ulivuma vibaya, na meneja alitaka mti ulioinamia ofisi yake uangushwe kabla wageni wake hawajafika. Shemeji aliuzunguka mara mbili, akaweka msumeno chini.

"Leo sikati," alimwambia. "Upepo ukitulia, niite."

Meneja alifoka, akamkumbusha nani alimtafutia kazi, akataja mpaka ndoa ya dada yake. Shemeji hakuugusa msumeno. Subiri alikuwa kwenye benchi la kunolea, amesikia yote. Alifuta mikono, akaja stoo, akaazima kalamu yangu na kusaini barua yake ya kustaafu.

Tunakutakia pumziko refu na afya njema, wewe na mkeo, ambaye tumeshamwonya kwamba utamsumbua kuhusu visu vya jikoni. Na kwa kila jioni tuliyorudi nyumbani wazima, asante.