Magongo ya Fundi Martini

Wakubwa zangu mliokuja kumzika babu, wa misheni na wa mjini, shikamooni. Mimi ni Tarcis, mjukuu wake, niliyeachana na shule darasa la nne na mwalimu akashukuru, lakini kwa kusoma mbele za watu hapa Bagamoyo sijamwona wa kunishinda, na babu alilijua hilo, ndiyo maana karatasi hii aliniachia mimi, akakataza asipewe katekista.

Marehemu Martini alizaliwa hapa Bagamoyo tarehe 11 Novemba 1895, akasoma shule ya misheni miaka mitano, akaingia karakana ya useremala mwaka 1910, akatoka fundi wa milango na vitanda, ingawa kitanda alichomtengenezea bibi kililia kila mtu alipogeuka, mpaka jana tulipokitoa nje. Alifunga ndoa na Marselina tarehe 12 Juni 1917, wakajaliwa watoto watatu, akabaki hai mmoja tu, mama yangu Katarina, aliyezaliwa mwaka 1918.

Kazi iliyomjulisha ilianza Jumatatu ya Pasaka, tarehe 28 Machi 1932, padri mmoja Mwairishi alipotoa sandukuni gongo la kwao, limepinda mwishoni na kupanuka kama mwiko, akawaonyesha vijana namna ya kuupiga mpira mdogo wa ngozi hata ukiwa hewani, kikaanzishwa Chama cha Magongo cha Bagamoyo, Wakristo na Waislamu pamoja. Mti wa Ulaya haukuwapo, babu akaingia mikokoni kutafuta miti iliyojipinda yenyewe, ile ile wanayoitafuta mafundi wa mashua, akaikausha kivulini miezi mitatu, akaichonga, na kwa miaka ishirini hakuna mchezaji wetu aliyeshika gongo lisilotoka mkononi mwake.

Tuliwafunga Saadani mwaka 1935, tukawafunga Miono mara tatu, nasema tuliwafunga ingawa mimi sikuwa nimezaliwa, na mwaka 1938 Lugoba walitufunga kwa sababu mwamuzi alikuwa shemeji yao. Vita vilipokuja ngozi ikaadimika, wakashona mpira wa gunia, wakacheza hivyo hivyo. Babu mwenyewe alikaa golini, mnene wa kuliziba lote, na mazoezini Salumu, aliyekuwa hodari kuliko wote, alikuwa akimpigia kelele, "Fundi, sogea kidogo tulione goli!" naye babu humjibu, "Piga, mwanangu, goli halipigwi kwa mdomo." Alimpenda Salumu kama mtoto wa kumzaa.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti 1952, Salumu na mchezaji mwenzake Mwinshehe waligombania unahodha, wakatukanana barazani, mji mzima ukasikia Salumu akisema, "Uwanjani nitakuonyesha!" Jumapili yake, tukicheza na Miono, Salumu alivuta gongo kuupiga mpira, gongo likakatika pale linapopinda, kipande kikaruka, kikamwingia Mwinshehe jicho la kulia, likapotea palepale. Watu wakamzunguka Salumu, "Ulisema utamwonyesha, haya, umemwonyesha!" akaapa, hakuna aliyesikiliza. Chama hakikucheza tena tangu siku hiyo. Salumu alihamia Saadani mwezi huo huo, wakwe zake wakamchukua binti yao, mara mbili alirudi kuomba kuonana na Mwinshehe, mara mbili akafungiwa mlango, na Mwinshehe alifariki mwaka jana akiamini alichoambiwa.

Sasa nasoma maneno ya babu kama alivyotaka yaandikwe, sikuongeza langu.

"Gongo lile lilikuwa bichi. La Salumu lilikuwa limevunjika na mechi ilikuwa karibu, nikalikausha siku tisa tu, likapasuka pale linapopinda. Ufa niliuona. Nikauziba kwa gundi, nikauvalisha mshipi wa bati, nikampa Salumu nikamwambia ni zima. Watu walipokuwa wakimzonga niliokota vipande, nikaenda kuvichoma. Niliona haya kuwa fundi wa gongo bovu, nikamwacha yeye awe mtu mbaya."

Alianza kuugua mwezi Machi mwaka huu, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akalazwa mara mbili, akafariki nyumbani Jumanne, tarehe 5 Novemba 1957, saa kumi alasiri. Tunamshukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuchotea maji siku zote hizi, wachezaji wenzake wa zamani waliochimba kaburi, na mafundi wenzake waliochonga jeneza, kwa mbao kavu, nimehakikisha.

Mzee Salumu, uko nyuma pale karibu na ukuta, tulikuita bila kukuambia kwa nini, uniwie radhi. Babu nimemtania tangu nilipojua kusema, lakini kwa hili sina la kumtania, alikuogopa miaka mitano, akaniachia mimi nikuambie leo yeye akiwa hawezi kuulizwa. Jeneza linabebwa na watu sita, tumesimamisha watano, nafasi ya sita ni yako, ndivyo alivyoomba. Ukikataa nitaingia mimi, wala hakuna atakayekusema, tumekusema vya kutosha.

Babu, hapa ndipo msomaji humwambia marehemu apumzike kwa amani. Pumzika. Hiyo amani si yangu kuitoa, tunamngoja Salumu.