Nywele za Mgombea

Kijiwe kile kina benchi moja tu la mbao, limeegemea ukuta wa duka la rangi, na kila anayekaa pale ana jina ambalo mama yake hakumpa. Yupo Profesa, karani mstaafu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kutamka neno "sijui". Yupo Kichaka, dereva wa teksi, mwenye nywele nyingi mpaka kalamu zake humpotelea humo. Na yupo Fundi Saa, mtu mpole, meza yake ya kazi iko jirani tu na bibi anayewauzia kahawa. Siku hiyo, saa saba na nusu mchana, Fundi Saa alikuja na kopo jembamba la kupuliza. Alikuwa anapita tu, lakini kahawa ilinukia, akasema anywe kikombe kimoja cha haraka. Akaketi, na kopo akaliweka kwenye benchi, mbele ya macho ya watu wasio na kazi.

— Dawa ya mende? Kichaka aliuliza.

— Shampuu kavu. Unapuliza kichwani, inanyonya mafuta. Haihitaji maji.

Haya, kijiwe kikapata shughuli.

Hakuna aliyeuliza ni ya nani, maana wote walijua. Mke wa Fundi Saa, Mama Vyombo, anauza sufuria na sahani sokoni. Wiki tatu nyuma alianguka kutoka kwenye kigoda akipanga sufuria za juu, akavunjika mtulinga, ule mfupa unaotoka shingoni kwenda begani. Mkono umefungwa kifuani, bandeji haitakiwi kulowa, na kuinamia beseni ni maumivu matupu. Tangu siku hiyo nywele zake hazijaona maji. Na leo, saa tisa alasiri, wafanyabiashara wa soko wanachagua mwenyekiti wao. Wanaogombea ni wawili: yeye, na Tajiri wa Vitunguu, ambaye ameshatangaza kwamba akishinda, wauza vyombo wote watahamia kule nyuma, kwenye mtaro wa maji machafu.

Sasa, huyo Tajiri ameeneza soko zima kwamba mama wa watu aliangukia kichwa na akili zimeyumba. Ndiyo maana kitambaa hakisaidii: akijifunga, watasema anaficha kidonda. Akienda kichwa wazi, nywele zimeshikana hivyo na zimejaa mafuta, watanyoosheana vidole, waseme si mnaona wenyewe, hata kujitunza hawezi. Asubuhi alimwambia mumewe kwamba hatoki, wamchague wamtakaye. Fundi Saa hakubishana naye. Alivaa viatu akaenda duka la vipodozi.

Profesa alilishika kopo, akalitikisa sikioni, akatoa hukumu kwamba humo ndani mna unga wa mahindi na hewa. Kichaka akasema kama ni unga, basi mgombea akitoka jasho jukwaani atakuwa donge. Profesa akaona amepitwa. Akasema la hatari ni hewa yenyewe, kitaalamu inalewesha, safu ya mbele yote italala na uchaguzi utarudiwa. Kichaka naye hakubali kushindwa. Akaleta habari ya binamu wa shangazi yake, aliyeitumia mwaka mzima mpaka nywele zikasahau maji, siku mvua iliponyesha zikayakataa, yakawa yanamwagikia watu wa pembeni.

Fundi Saa alikunywa kahawa yake. Utani aliuzoea. Ila Profesa akakohoa, akaweka sauti ya ofisini.

— Tukiacha mzaha, huo ni udanganyifu. Mpiga kura ana haki ya kumwona mgombea alivyo. Kama nywele ni chafu, azione chafu.

Hapo Fundi Saa alipandwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ngeni hata kwake mwenyewe. Wiki tatu amemfunga mkewe vifungo, amemlisha, amemsikia akiugulia usiku na asubuhi akisema hajambo. Akaweka kikombe chini.

— Kichaka, lete kichwa.

— Kichwa changu kimekosa nini?

— Umekiosha lini?

Kichaka akainamisha kichwa. Fundi Saa alisogeza kopo mpaka likagusa nywele, akabonyeza, akasugua hapo hapo. Upande mzima wa kushoto ukawa mweupe pe. Profesa alicheka mpaka akamwaga kahawa. Lakini Fundi Saa hafanyi kazi kwa kukisia. Alikwenda mezani kwake, akarudi na ile lenzi ya kutazamia ndani ya saa, akaibana jichoni, akasoma maandishi madogo ya nyuma ya kopo, moja baada ya jingine. Kopo likae mbali, kama urefu wa kiganja mpaka kiwiko. Pulizia kwenye mizizi. Subiri dakika mbili. Kisha ndiyo usugue kwa vidole, na uchane. Akarudia upande wa kulia. Safari hii unga ulitoka wote na kitana cha Kichaka mwenyewe, nywele zikabaki kavu na nyepesi. Profesa akazigusa, akasema ni bahati tu.

— Nilisema sitoki, sauti ilisema nyuma yao. Kisha ukaniaga unakwenda duka la vipodozi, nikavaa nikakusubiri, na duka lenyewe haliko mbali kiasi hiki.

Alikuwa Mama Vyombo, mkono kifuani, gauni la mkutano mwilini, kichwa wazi. Maneno ya Profesa juu ya udanganyifu alikuwa ameshayapata njiani, kijiwe hakina siri. Profesa akasimama kumpisha, akaanza kueleza, unajua shemeji, sisi tulikuwa tunasema tu. Hakumsikiliza. Aliketi katikati ya benchi.

— Pulizia.

— Hapa? mumewe aliuliza. Barabarani?

— Hapa hapa. Wanataka kuona, waone.

Basi Fundi Saa akazigawa nywele za mkewe kwa ncha za vidole, fungu kwa fungu, akapulizia mizizi kwa kipimo kile kile, akiwa amemkinga macho kwa kiganja. Wapita njia walisimama. Akatoa saa mfukoni, akaanza kuhesabu dakika mbili. Mama Vyombo, unga kichwani, akamgeukia Profesa.

— Jana asubuhi Tajiri wa Vitunguu alikuwa wapi?

— Hapa, Profesa alijibu upesi. Kila siku yuko hapa, shemeji, mwaka wa sita huu. Anakaa hapo ulipokaa.

— Nywele zake zilikuwaje?

Profesa aligeuza shingo. Akatazama ukuta wa duka la rangi, kana kwamba mtu kamwandikia jibu pale. Bibi wa kahawa alisimamisha birika hewani. Kichaka alikuna ule upande wake mweupe, akafikiri kwa bidii.

— Hivi, alisema mwishoni, kwani anazo?

Profesa akasema ana upara. Akasita, akasema hapana, anazo kidogo kwa nyuma. 

Fundi Saa aliona dakika mbili zimetimia. Akasugua taratibu kwa vidole, akachukua kitana cha mkewe, akaanza kuchana kutokea kisogoni. Mkewe alinyoosha shingo, akamwambia aharakishe, saa nane na robo hiyo, na wenzake wa vyombo wanamsubiri getini.