Saladi ya Wakwe

Asubuhi hii kwenye benchi la kahawa la Keziah, steji ya Kakuma, hakuna aliyeegemea. Jana Ekeno aliwapokea wakwe kutoka Lokiriama, watu wa nyama na maziwa. Ili aonekane wa mjini, akawawekea saladi ya kabeji mbichi kando ya mbuzi. Usiku matumbo yakawaendesha wote. Baba mkwe yuko kwa dripu, na ametangaza kwamba binti yake haolewi na mtu anayelisha wageni majani. Ekeno ameshika kichwa. Ethuro, aitwaye Profesa kwa sababu ya muhula mmoja aliokaa chuoni Eldoret, ndiye aliyeanza.

— Sikiza, kijana. Tumbo ya mfugaji ni ya maziwa. Kabeji ikiingia huko inapotea njia.

— Kwani wewe si mfugaji? akauliza Lam, muuza betri kutoka kambi ya wakimbizi, ambaye benchi linamwita Redio.

— Mimi nilisoma.

— Basi ukaacha tumbo shuleni. Shida ni lori. Hiyo kabeji imelaliwa na makanga kutoka Kitale.

— Makanga hana sumu.

— Hujamjua yule. Tena pale Kainuk walipigiwa risasi. Kabeji ikishtuka inatoa maji chungu.

Ekeno akainua kichwa.

— Kweli, Redio?

— Nimeona na macho.

— Umeona kabeji ikishtuka? Profesa akacheka. Hapa kuna mkono wa mtu. Yule mzee wa ngamia wa Lokichoggio alimtaka huyu msichana. Ameongea na mama mboga aliyekuuzia.

— Ndiyo maana nilimwona mama anacheka na simu! Redio akadakia.

Ekeno alikuwa ameshasimama, ngumi tayari, akielekea kwa mama mboga, Nawoi alipotokea. Bibi harusi mwenyewe, macho mekundu, kutoka hospitali.

— Ejok, akasalimia benchi. Baba ameamka. Anauliza kitu moja tu. Hiyo kabeji mliosha na maji gani?

Profesa akaitazama barabara. Redio akakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Beseni ilikuwa moja, Ekeno akasema polepole. Tulichinja, tukanawa damu. Halafu sisi watatu, mimi na Profesa na Redio, tukaosha kabeji humo humo.

Nawoi akageuka kuelekea hospitali.

— Twende umwambie vile umeniambia.

Ekeno akamfuata. Kijana akienda kwa wakwe, benchi zima humsindikiza. Ndiyo desturi yetu. Leo Profesa na Redio walikuwa na kahawa ya kumalizia, ingawa Keziah alikuwa ameshaosha vikombe.