Sauti Iliyoniita Kabla ya Mpaka

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, maana leo nimesimama hapa kwa miguu yangu mwenyewe.

Mimi ni Tabitha wa mtaa wa Cheyo, yule mnayemwona na lori la tumbaku. Ndiyo, mwanamke dereva. Wanaume wa stendi wamenicheka mpaka wamechoka wenyewe. Nilimzika mume wangu, namlea binti yangu Neema peke yangu, na nilichoka kula vumbi. Nikasikia kuna wakala mtaa wa Gongoni anapeleka madereva wanawake Uarabuni kuendesha mabasi ya shule, mkataba wa miaka miwili. Ndugu zangu, nilirukaruka!

Yule wakala alikuwa na manukato na maneno matamu. Alisema tutaingia kwa viza ya matembezi, ya kazi tutabadilishiwa huko huko. Leseni nayo itageuzwa ya kimataifa, kwa hiyo nimwachie yangu pamoja na pasipoti. Nikampa. Tangu siku ile sikuwa na amani. Nikifumba macho kuomba, nasikia miguu ya watu wengi, wamebeba mizigo mizito, hawasemi. Nilikemea kwa jina la Yesu! Miguu ilififia, haikuisha.

Siku ya safari nikashangaa tunaelekea magharibi badala ya mashariki, Dar es Salaam. "Ndege tutapandia nchi jirani," akasema, "huku foleni." Tulikuwa wanawake watatu garini mwake: mimi, Zuhura wa Igunga, na binti wa Nzega ambaye hakufungua kinywa njia nzima. Barabara ile mnaijua. Ndiyo njia ya wapagazi wa zamani na ya watu waliofungwa minyororo, na wengine mifupa yao iko humo humo porini.

Tulipoipita Kaliua, jua la utosi, akasimamisha gari tuchimbe dawa vichakani. Kila mmoja akashika upande wake. Mara pori likanyamaza. Hakuna ndege, hakuna upepo. Nikaisikia ile miguu, na safari hii macho yangu yako wazi! Ikapita mbele yangu, vumbi halikutimka. Nyuma yake ikaja sauti ya marehemu mama yangu, ambaye ninyi wenyewe mlinisaidia kumzika: "Kalunde!" Hilo ni jina langu la nyumbani, hakuna mwingine aliyeniita hivyo.

Ndugu zangu, mnajua tulivyolelewa sisi Wanyamwezi. Ukiitwa porini na usiyemwona, huitiki, maana ukiitika umekwenda.  Ikaita tena. Nikawaza, mbona mtu wa manukato nisiyemjua nilimwitikia upesi? Nikasema, "Abee, mama!"

Miguu ikakoma. Nikasikia mizigo inatuliwa chini, kishindo kimoja. Kisha ndege wakaanza kulia.

Nikarudi garini. Nikamwambia wakala, "Kaka, naomba leseni yangu niishike mwenyewe." Akacheka.

"Dada, ile haina kazi tena."

"Sasa dereva asiye na leseni anakwenda kuendesha nini?"

Mtu wa maneno matamu akanitazama kama mnunuzi anavyomtazama mbuzi mnadani, akaenda pembeni kupiga simu. Gari aliliacha linanguruma. Ndugu zangu, mimi ni dereva! Wenzangu walikuwa wameshaingia. Nikarukia usukani, nikageuza, nikawaambia wafunge milango. Sikutazama nyuma mpaka kituo cha polisi Kaliua.

Mkoba wake ulikuwa chini ya kiti, na pasipoti zetu na leseni yangu ndani. Afisa alizikagua pasipoti akatikisa kichwa: viza zile zimebandikwa tu, hakuna ubalozi uliozitoa. Akasema kibali cha kimataifa hakifai kitu bila leseni yako halisi, hivyo anayekunyang'anya leseni hakupeleki kuendesha. Tulikuwa tunakwenda kuuzwa! Nililia mbele ya watu, sikuona haya.

Tukiwa kwenye benchi, Zuhura akanishika mkono. "Dada, na mimi niliitwa kule porini. Sauti ya bibi yangu."

Yule binti wa Nzega akainua kichwa, ndipo nikaisikia sauti yake. "Na mimi."

"Mkafanyaje?"

"Tulinyamaza," akasema Zuhura. "Kama tulivyofundishwa."

Sisemi alikuwa mama. Mungu anajua sauti aliyoiazima. Ninachosema ni asante, Baba, Neema bado ana mama! Viza ya kazi sasa naifuatilia mwenyewe, ubalozini, na leseni yangu hii hapa, haitoki mkononi mwangu. Nikipita pale na lori nazima redio. Sijasikia kitu tena.

Nawe uliyekaa hapo nyuma, unayeitwa siku nyingi ukijifanya husikii, mwamini huyu Mungu. Wenzangu walinyamaza, lakini walikuwa kwenye gari lililoendeshwa na mtu aliyeitika. Wewe ukinyamaza leo, gari lako anaendesha nani? Itika, ndugu yangu. Amina.